Fundi wa Injini za Meli

Kila asubuhi Recheli alifagia uwanja, akachota maji, akamwamkia bibi yake, kisha akashika njia ya shule peke yake. Hapo mtaani Ng'ambo, Tabora, wenzake walikwenda na dada na kaka zao. Yeye hakuwa na ndugu, na mama yake alikuwa mwanajeshi wa majini, Dar es Salaam. Upweke uusikie kwa mwenzio tu!

Kwenye simu mama alizoea kusema, "Mwanangu, meli hii naiendesha mimi." Recheli akatamba darasani kwamba mama yake ni nahodha. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wenzake walimzunguka wakati wa mapumziko. Mwalimu Nestory akampigia mama simu kumwomba, akija likizo, aje Ijumaa aongee na darasa.

Mama alishuka kwenye treni, kucha zimeingia weusi wa oili.

"Shikamoo, mama. Mbona mikono iko hivyo?"

"Marahaba. Si injini za dizeli hizo! Mimi ni fundi wake."

Lo! Kumbe kuendesha kwenyewe ndiko huko. Recheli aliona aibu, akadanganya papo hapo: "Mwalimu amesema usije Ijumaa. Kuna mtihani."

"Basi," mama alisema taratibu. Akaikunja karatasi aliyokuwa amechorea injini kwa ajili ya darasa.

Ijumaa mchana Recheli alirudi nyumbani kula. Alimkuta mama jikoni, amekaa peke yake, karatasi ile magotini. Moyo ukamuuma, machozi yakamtoka.

"Mama, mwalimu hakukukataza. Niliwaambia wewe ni nahodha."

"Umeniumiza, Recheli. Twende ukawaambie mwenyewe."

Mbele ya darasa Recheli alisema kweli yote. Fikiri, mtani wa darasa, akacheka: "Kumbe nahodha wa oili!"

"Ndiyo, wa oili," mama alijibu. "Injini kubwa husukuma meli, nyingine huzalisha umeme. Zikizimika zote, meli haisogei, rada haioni, na hata chai ya nahodha haichemki."

Darasa likacheka. Wakasogea kuutazama mchoro. Mama akamshika Recheli bega.

"Wanangu, kazi halali haina aibu. Lakini uongo ni mbaya. Nimesafiri kutoka Dar es Salaam nije nikae na mwanangu, na uongo wake ukaniacha peke yangu jikoni."