Daftari la Meza Arobaini na Moja

Mchoraji alikuwa akimalizia ngazi ya dharura kwenye ramani ya ofisi. Mistari sita, bila rula. Karatasi ilikuwa mgongo wa bango la mchezo wao wenyewe. Upande wa pili, shujaa aliyemchora mwaka jana alikuwa amelala kifudifudi mezani.

*Saa 1:30 asubuhi. Zimebaki saa tano na nusu.*

Walikuwa watatu, stoo, nyuma ya saluni ya dada yake. Mbele, mashine ya kukausha nywele ilinguruma na kuzifunika sauti zao.

"Chora mlango wa Bosi," Kobe alisema.

Akauchora.

Kobe alikuwa mkuu wa waandishi wa programu. Hakuwahi kuharakisha kitu maishani, ndiyo maana ya jina lile. Wazo la wizi lilikuwa lake. Wa tatu alikuwa Kucha, mjaribu: mwanamke aliyelipwa kucheza mchezo kutwa nzima akitafuta mahali pa kuuvunja.

"Bosi anatoka kula saa saba kamili," Kobe alisema. "Anarudi saa saba na dakika arobaini. Mnaingia, mnapiga picha daftari la mishahara, saa saba na nusu mnatoka. Mimi nitakuwa chini, mlangoni. Nikiona hatari, napiga simu mara moja, nakata."

"Ufunguo wa droo?" Mchoraji aliuliza.

"Nyuma ya kalenda."

Kucha akacheka. "Kampuni ya michezo ya simu, mishahara inaandikwa kwa peni."

"Angeiweka kwenye kompyuta ungeiacha?" Kobe aliuliza.

"Ningekuwa nayo tangu mwaka juzi."

Bosi alilijua hilo. Alikuwa na watu arobaini na moja ambao hakuna kompyuta ingewashinda, kwa hiyo alinunua daftari la shule. Na kila mmoja wao alimwita peke yake, akafunga mlango, akamwambia: "Wewe nakulipa kuliko wenzako. Usiwaambie, watakuonea wivu." Kisha akamtaka atie sahihi kwamba hatasema.

Mchoraji alipata laki nne na elfu ishirini kwa mwezi. Sura zote za mchezo ule zilitoka mkononi mwake, na mchezo ulikuwa kwenye simu milioni mbili. Kodi ya nyumba alilipiwa na dada yake. Alipoomba nyongeza, Bosi alimtazama kwa upole akauliza, "Umeona unapunjwa kuliko nani?" Kesho saa tatu asubuhi wangesaini mikataba mipya. Miaka miwili mingine. Alilitaka jibu la swali lile kabla ya kalamu.

Dada yake akachungulia. "Nyie majambazi, mmemaliza? Mteja wangu anataka hicho kiti."

"Dada, bwana!"

"Nimeuliza tu. Mkifungwa, mimi sileti chakula."

*Saa 7:02 mchana.*

Ofisi ilikuwa tupu. Viti vimesukumwa nyuma, vipokea sauti vya masikioni vimetupwa mezani. Ufunguo ulikuwa nyuma ya kalenda. Kucha akafungua droo. Akaifunga. Akaifungua tena.

"Unafanya nini wewe?"

"Mazoea. Kitu kikitokea mara moja, mimi siandiki ripoti." Akaifunga na kuifungua mara ya tatu. "Haya. Piga."

Daftari lilikuwa na jalada la bluu. Hakukuwa na majina, namba za meza tu. Mchoraji akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa bila kusoma, ila jicho liliona meza ya kumi na saba, jirani yake, kijana aliyekuja juzi na anayemwomba amsahihishie vidole vya wahusika. Laki tisa.

Picha ikatoka na ukungu. Akairudia.

*Saa 7:14.*

"Tunatoka," Kucha alisema.

"Zimebaki kurasa tatu. Tuna dakika kumi na sita."

"Hatuna. Wiki iliyopita nilimfuata Bosi siku tatu. Siku zote tatu alirudi saa saba na ishirini."

"Kobe kasema saa saba na arobaini."

"Nimemsikia."

Wakatazamana. Mchoraji akazipiga zile tatu haraka haraka. Kucha akarudisha daftari, akafunga, akaning'iniza ufunguo.

*Saa 7:19.*

Chooni, mabomba yote mawili yakiwa wazi, walisikia viatu kwenye korido. Bosi. Walinzi wawili. Na sauti ya nne, isiyoharakisha.

"Wako ndani, mzee. Na daftari wanalo."

Simu ya Mchoraji haikuwa imelia hata mara moja.

Wakasubiri pumzi kumi, wakatoka na mikono iliyolowa. Mlinzi mmoja akawaangalia, akaiangalia mikono, akainamisha macho.

*Saa 12:15 jioni.*

Kobe alikuja stoo. Hakujua walichosikia. Alivuta kiti, akaketi.

"Poleni. Aliniwahi. Simu ilikataa." Akanyoosha mkono. "Nipe picha nizifute. Mambo yameharibika, tusijiletee balaa."

"Bosi hurudi saa ngapi?" Kucha aliuliza.

"Si niliwaambia?"

Mchoraji akaweka simu mezani, ukurasa wa mwisho ukiwa umefunguliwa. Meza ya kwanza, ya Kobe, iliyotengewa ukurasa wake. Milioni moja na laki mbili. Chini yake, kwa mwandiko mdogo: *na tano kwa mia ya kinachookolewa kwa kila atakayesaini bila kubishana.*

Kobe alisoma polepole.

"Kwa hiyo wizi ulikuwa chambo," Mchoraji alisema. "Wabishi wawili wakamatwe leo, wengine wasaini kesho kimya."

"Mngefukuzwa tu. Hakuna aliyetaka mfungwe."

"Asante sana!"

"Nina watu saba nyumbani, mdogo wangu. Saba. Na mkilitangaza hili, Bosi atafunga ofisi. Wote tutakosa."

"Usiniite mdogo wako." Alisimama, kiti kikaanguka. "Unajua samaki wa tangi la mapokezi wametengewa kiasi gani humo daftarini? Laki tano kwa mwezi! Samaki, Kobe! Wananizidi mimi! Na wewe ulikuwa unakula kwenye hiyo sahani yangu iliyozidiwa na samaki!"

Mashine ya kukausha nywele ikazimwa. Dada yake akasimama mlangoni na kitana mkononi.

"Huyu anatoka mwenyewe au nimsaidie?"

Kobe akatoka. Hata wakati huo hakuharakisha.

"Anaenda kumwambia," Kucha alisema.

"Amwambie. Bosi atanyamazisha watu wawili. Hawezi kunyamazisha ukuta."

Mchoraji akabandika karatasi kubwa nne pamoja, akaanza kuchora. Ofisi nzima, kama inavyoonekana kutoka juu. Kila meza na mtu wake, kila sura ijulikane hata bila jina. Juu ya kila kichwa, namba, jinsi uhai wa mchezaji unavyoandikwa kwenye mchezo. Akachora na tangi la samaki, namba ikielea juu ya maji.

Saa nne zilipita. Kucha alisoma namba, mara tatu kila moja. Dada alishika taa.

"Thelathini na tatu," Kucha alisema. "Zimebaki nane. Mkono wako umevimba."

"Nitazimaliza alfajiri. Ukutani mwa ofisi iwe kabla ya saa tatu."

"Mbona meza ya kwanza umechora mtu, namba hukuweka?"

Mchoraji akafunika kalamu, akaiweka juu ya karatasi.

"Hiyo nitaiandika kesho, pale pale. Nataka Kobe awe amekaa."