Hondohondo wa Alhamisi

Mtaa wa Kongo, saa nne asubuhi, pa kukanyaga hakuna, na mwanaume mzima anapita na darubini shingoni. Sitara, muuza vitenge mwenye dera la kijani na mdomo usiolala, akamwita.

"Kaka, hiyo ya kuchungulia vibaka?"

"Nahesabu ndege, msitu wa hifadhi."

"Na unalipwa?"

"Nalipwa."

"Makubwa haya."

Huyo ndiye Hafidhi. Alinunua kitenge asichokihitaji, akaondoka na namba ya simu. Dharau ya Sitara haikumaliza mwezi. Alipoelezwa kwamba mtu husimama kituo kimoja dakika kumi, alfajiri, simu imezimwa, akiandika kila ndege kwa sauti yake, ili wakipungua ijulikane msitu unakufa, moyo ukamlegea. Pale sokoni wanaume wanaapa uongo kutwa nzima. Huyu alimwona mkweli, akampenda vibaya sana.

"Mpenzi, wazee wanakuja kuposa Jumapili," Hafidhi akampigia. "Nataka pilau."

"Pilau utaiona. Njoo kwanza uchukue fomu zako za ndege, umezisahau dukani."

Alipokata simu akazifunua, maana alishajifunza kuzisoma. Alhamisi, kituo cha saba, saa kumi na mbili na dakika kumi: hondohondo wawili. Akasoma tena. Alhamisi, saa hiyo hiyo, yeye na Hafidhi walikuwa Magogoni, wanavuka kwa pantoni kwenda kumwamkia shangazi yake, Kuruthumu.

Hafidhi akaingia na shati jipya, ananukia udi.

"Hawa hondohondo uliwasikia kwenye pantoni?"

Akacheka. "Nimenakili za mwaka jana, mama. Nilikuwa na wewe, ujue."

"Na kama mwaka huu hawapo?"

"Nani atajua?"

"Piga simu kazini sasa hivi. Sema Alhamisi hukwenda."

"Nijiaibishe kwa ajili ya ndege wawili? Acha utoto, Sitara."

Sitara akamtazama kuanzia viatu mpaka kola. Bado alikuwa mzuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Aliona kinyaa, akajionea kinyaa na yeye mwenyewe aliyempenda kiasi kile. Akamsukumia fomu zake, kisha akampigia shangazi, Hafidhi amesimama pale pale.

"Shikamoo shangazi. Posa ya Jumapili haipo tena." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hajafa. Angekufa ningemlilia."