Vumilia na Kiolezo cha Kwaya

Kila Jumanne na Alhamisi, akitoka shule, Vumilia alipita nyumbani kunywa uji, kisha akashika njia ya kanisani akizikwepa bodaboda za mji wa Katoro. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi yake katika kwaya ya parokia ilikuwa kuziingiza nyimbo kwenye kompyuta. Mwalimu Donatus, kiongozi wa kwaya, alitunga kwa penseli. Vumilia alichapa nota, na chini ya kila nota akaweka herufi za kuimbia: d, r, m. Kazi aliiweza, na alijua kwamba anaiweza.

Kwenye kompyuta kulikuwa na faili moja lililoitwa Kiolezo cha Kwaya. Humo Mwalimu alikuwa amepanga kila kitu: ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, majina ya sauti nne. Kila wimbo mpya ulianzia hapo, ukatoka na sura ileile.

"Ukitaka kujaribu mambo yako, toa nakala," Mwalimu alimwambia siku ya kwanza. "Kiolezo chenyewe usikiguse."

Vumilia alikigusa. Aliona kwenye simu ya dada yake nota za kwaya moja ya mjini, ndogondogo, wimbo mzima ukurasa mmoja, akazitamani. Akapunguza herufi, akabana mistari, akahifadhi juu ya kile cha zamani. Kisha akachapa nyimbo tatu za sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia.

"Kama kitabu cha dukani!" alisema rafiki yake Nyamizi walipogawa karatasi siku ya Alhamisi. Vumilia akavimba kichwa.

Wimbo ulipoanza, sauti ya nne, besi, ilipotea. Mzee Masele, aliyeongoza besi tangu kwaya ianze, alisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akaipeleka dirishani. Vijana wawili wakacheka chinichini. Mzee akaiweka karatasi kwenye benchi.

"Mwalimu, macho yangu yamekwisha," alisema. "Jumapili imbeni bila mimi. Tafuteni kijana."

Mwalimu, ambaye mkononi alikuwa na karatasi zake za penseli na hakujua lolote, alimsihi abaki. Mzee akaaga, akaenda zake.

Hakuna aliyemnyooshea kidole Vumilia, na hilo ndilo lililomnyima raha. Ijumaa aliwahi kanisani peke yake ili arekebishe mambo kimyakimya. Lakini herufi zilikuwa na ukubwa gani? Mistari iliachana kiasi gani? Hakukumbuka hata kimoja, na nakala hakutoa. Kila alichojaribu kilitoka kibaya kuliko cha kwanza. Aliogopa kunyang'anywa kazi aliyoipenda kuliko zote. Hata hivyo, mzee wa watu alikuwa nyumbani akijihesabu kipofu kwa kosa lisilo lake. Akamngojea Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Macho ya Mzee Masele hayana shida. Mimi ndiye niliyepunguza herufi. Nilibadili kiolezo."

Mwalimu alivuta kiti. Hakugomba. Alifungua wimbo wa Pasaka uliochapwa zamani. "Huu bado una mpangilio wetu wa kwanza," alisema. Wakauchukua mpangilio ule, wakauhifadhi upya kama kiolezo, wakazirekebisha nyimbo zote tatu. Herufi zikanenepa.

"Sasa chapa, umpelekee mwenyewe. Na umwambie ulichoniambia mimi."

Mzee Masele alikuwa uani akipukuchua mahindi. Vumilia alipiga goti, akamwamkia, akaeleza yote. Mzee alipokea karatasi, akaishika kwa urefu wa mkono. Taratibu besi ikaanza kumtoka. Aliimba hadi mstari wa mwisho, kisha akamtazama mtoto.

"Kuharibu karatasi ni kosa dogo, mjukuu wangu. Anayejifunza hukosea. Lakini jana uliniona naondoka, sababu ukaijua, ukanyamaza. Tangu hapo nimejiona mtu wa kushikwa mkono njiani. Ukikosea, sema hapohapo, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Umekuja mwenyewe, wabeja," alimshukuru kwa Kisukuma. "Kesho mazoezi ya mwisho ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Mwambie Mwalimu nitafika saa nane."