Alikuita Mara Ngapi?

Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka wa 2004, Kamanthe aliwapikia wavulana wake muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nao wakaula hadi sufuria ikakwaruzwa. Aliwaita wavulana wake ingawa mmoja tu ndiye aliyemzaa. Kioko alikuwa wake. Mbithi alitoka boma la pili kutoka hapo, lakini wawili hao walikuwa wamesoma chuo kimoja cha ualimu, wakahitimu siku moja, na sasa huu ulikuwa mwaka wa pili wanakaa tu nyumbani Kathiani, wakingoja kuitwa kazini. Kila alfajiri walikimbia vilimani. Kesho yake wangekimbia marathoni Nairobi.

"Wewe Mbithi uko na miguu ya kuku wa mgeni," Kioko alimtania. "Imeshajua leo ni leo."

"Utanikuta mwisho nikikungoja na chai."

"Hakuna cha kungojana mwisho," Kamanthe akasema. "Mnatoka pamoja, mnarudi pamoja. Mmesikia?"

"Tumesikia, mwaitu," wakajibu wote wawili, kama watoto wanavyomjibu mama yao huko kwao.

Mbithi hakuota ushindi. Alitaka kumaliza chini ya saa tatu, basi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti chake cha ualimu kikiwa kimefungiwa sandukuni, na kila aliyekutana naye njiani alimuuliza, "Kwani bado hujaitwa?" Alihitaji jambo moja la kumjibu mtu.

Asubuhi ya mbio walikwenda bega kwa bega kilomita baada ya kilomita, wakifanya mzaha hadi mzaha ukaisha. Walipofika kilomita ya thelathini na saba, pumzi za Kioko zilibadilika. Zikawa na mlio mwembamba wa bawaba kavu, mlango unapofunguliwa polepole. Akabaki nyuma hatua mbili. Kisha kumi.

"Mbithi."

Mbithi hakugeuka. Nyanya yake alimfundisha tangu utotoni: ukiwa safarini ukasikia jina lako nyuma yako, usigeuke wala usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Aliye hai ataita tena. Kisicho na mwili huita mara mbili tu.

"Mbithi, ngoja."

Hiyo ilikuwa ya pili. Akatazama saa ya mkononi. Akaingoja ya tatu huku akiongeza mwendo, na alijua vizuri kabisa ni nani aliyekuwa akimwita.

Ya tatu haikuja.

Alimaliza kwa saa tatu na dakika mbili.

Kioko alifia palepale barabarani. Moyo, daktari alisema. Kwenye mazishi Mbithi aliulizwa na wengi, na wote aliwapa jibu moja: "Kulikuwa na kelele. Sikusikia kitu." Watu walimshika mkono wakampa pole. Kila pole aliipokea akitazama viatu vya aliyeitoa.

Mwezi wa Desemba, vyeti vya waliomaliza mbio vikaletwa kupitia sanduku la posta la shule ya kijijini. Kamanthe alikuja nyumbani kwa kina Mbithi mchana, ameshika karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa na jina la mwanawe. Saa tatu, dakika mbili, sekunde kumi na tisa. Cha Mbithi kilisema sekunde kumi na nane.

"Kwa hivyo alimaliza," mama akasema. "Mlikuwa pamoja."

Mbithi alikumbuka mstari wa mwisho. Alikuwa amesimama pale, mikono magotini, akitazama alikotoka. Barabara ilikuwa tupu kitambo kirefu, kisha akatokea mwanamke mwenye kofia ya njano. Kati yake na mwanamke huyo hakupita mtu. Angeweza kusema kwamba waandalizi wamekosea. Lakini aliutazama uso wa mama yule, uso uliokuwa umepata kitu cha kushikilia kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

"Ndiyo, mwaitu. Tulimaliza pamoja."

Nani wa kusema kama ilikuwa huruma au woga? Huenda siku ile vilikuwa kitu kimoja.

Tangu hapo ikawa kila Jumapili baada ya kanisa anaitwa chai kwa Kamanthe, asimulie. Naye akasimulia. Watu walivyopiga makofi. Kioko alivyocheka akiona uwanja. Alivyotupa kofia yake hewani kwenye mstari. Kamanthe alisikiliza amefumba macho, na Mbithi alikwenda zake akiwa na ladha ya udongo mdomoni.

Jumapili ya tatu alikuta vikombe vitatu mezani.

"Tuna mgeni, mwaitu?"

"Kunywa chai, mwanangu."

Jumapili ya nne alipofika kwenye kofia, Kamanthe alifumbua macho.

"Hapo si hivyo," alisema, taratibu tu.

"Wapi?"

"Kofia. Mwisho hakuwa nayo. Alimpa msichana wa kugawa maji, katikati ya safari. Mkacheka."

Kijiko kilimtoka Mbithi mkononi. Ilikuwa kweli. Msichana wa maji, meno yenye mwanya, Kioko akimvisha kofia ile bila kusimama. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Nani amekuambia?"

 Kamanthe alichukua kikombe cha tatu, akatia sukari vijiko viwili, akakipitisha kando ya bega la Mbithi na kukiweka kwenye kimeza kilichokuwa nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na kiti, karibu na dirisha. Alipoingia kilikuwa kitupu.

Nje jua la saa nane lilikuwa likiwaka. Kuku walichakura. Mtu fulani mbali alikuwa akipasua kuni.

Ndipo Mbithi akasikia pumzi.

Mlio mwembamba. Bawaba kavu. Ndani. Nje. Karibu na shingo yake.

"Anasema alikuita," Kamanthe akanong'ona. "Hana hasira. Anataka tu kujua kama ulisikia."

Mbithi alitazama meza. Nywele za mikono zilimsimama. Pumzi ikakatika. Ilikuwa ikingoja.

"Nilisikia," akasema.

"Alikuita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ukafikiri ni kitu kingine?"

Mlango ulikuwa wazi hatua tatu tu kutoka pale. Angeweza kusema ndiyo. Kijiji kizima kingemwelewa, na nyanya yake wa kwanza.

"Hapana, mwaitu. Nilijua ni yeye. Nilikuwa nikitazama saa."

Kamanthe hakulia. Alilainisha leso yake magotini.

"Ningekuwa na umri wako, labda ningekimbia pia," alisema. "Sijui. Lakini si mimi niliyeuliza. Geuka umwambie mwenyewe."

Shingo ilikuwa nzito. Aligeuza kichwa kwanza. Kisha mabega. Kisha mwili wote.

Kiti kilikuwa kitupu. Kikombe kilikuwa kimejaa, mvuke unapanda.

"Nilikusikia, Kioko," akakiambia kiti, na aibu ikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa magoti. "Nilikusikia zote mbili."

Pumzi moja ndefu ikatoka, kama ya mtu aliyeruhusiwa kuketi. Haikufuatwa na nyingine.

Alipoinuka, alikiona kitambaa cheupe alichofuma Kamanthe kufunika mgongo wa kiti. Kilikuwa kimelowa. Aligusa kwa kidole, akaonja. Jasho.

Kitambaa kile bado kipo. Kamanthe amekifua kwa sabuni ya mche, amekichemsha, amekianika juani. Kila kikikauka chumvi inarudi, nyeupe juu ya nyeupe: mabega mawili na mgongo ulioinamia mbele.