Bangili Iliyomkata Bibi

Kila Jumamosi asubuhi, akishaanika sare yake ya shule na kufagia ua, Pilipili alikwenda kwenye karakana ya shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu hakuchelewa kukasirika, na yeye, badala ya kulikataa, alilichukua kama sifa. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye meza nzito, jiliwa la kubania vyuma na dirisha lililotazama barabara. Humo shangazi alitengeneza hereni, pete na bangili za shaba, zote kwa mkono.

Pilipili mwenyewe ndiye aliyeomba kufundishwa. Alidhani ataanza kwa kuchora maua juu ya shaba. Kumbe miezi miwili mizima hakushika kitu kingine ila tupa ya kulainishia vyuma.

"Bado," shangazi alisema Jumamosi hiyo, akimrudishia bangili kwa mara ya tatu.

"Bado nini, shangazi? Inang'aa mpaka najiona."

"Inang'aa nje. Ndani umepapasa tu. Halafu unasukuma tupa mbele na nyuma kama unayepasua ubao. Tupa inakula ikienda mbele, ikirudi, inyanyue. Ukimaliza, piga msasa. Ukimaliza msasa, pitisha pamba. Pamba ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye tupa."

Pilipili alihisi joto likimpanda shingoni. Saa nne timu yao ya netiboli ilikuwa na mechi, na mfungaji ni yeye. Ilikwisha kuwa saa tatu na nusu. Akaibana bangili kwenye jiliwa, akaanza kusugua huku anasaga meno. Kila mkwaruzo ulikuwa neno alilotaka kumwambia shangazi na hakuthubutu.

Bangili hiyo iliagizwa na mshonaji wa duka la jirani. Mama yake alikuwa anatimiza miaka themanini kesho yake.

Shangazi alipotoka nje kuzungumza na mteja, Pilipili aliifungua bangili na kuipapasa kwa kidole gumba. Kwenye ncha moja, upande wa ndani, palikuwa na kijino kikali kilichobaki pale msumeno ulipopita. Alikisikia vizuri kabisa. Akatazama saa. Nani ataona ndani? Akaitumbukiza bangili kwenye boksi la mteja.

"Umepitisha pamba?" shangazi aliuliza aliporudi.

"Nimepitisha."

"Haya, nenda."

Alikimbia mpaka uwanjani bila kugeuka nyuma. Timu yao ilishinda.

Jumatatu, akitoka shule, alisikia sauti ya mshonaji kabla hajafika mlangoni.

"Ngozi ya mama yangu imekuwa nyembamba kama karatasi. Damu imetoka mbele ya wageni, na yeye akawa anaficha mkono chini ya meza ili asinitie aibu mimi niliyemletea zawadi. Miaka kumi nakuletea wateja. Siku hizi unafanya kazi umefumba macho?"

"Kazi imetoka kwangu," shangazi alijibu taratibu. "Kosa ni langu."

Pilipili alisimama kizingitini, damu inamchemka. Huyu ni nani wa kumsema shangazi hivyo? Alifungua kinywa amjibu, kisha akaona bangili mezani, akakifunga.

"Kila anayeingia dukani kwangu nitamwambia," mshonaji aliendelea. "Asije kwako."

Shangazi aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Hilo ndilo Pilipili aliloshindwa kulivumilia.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Sikupitisha pamba. Nilisema uongo."

Mshonaji alimtazama mtoto, akamtazama shangazi. Shangazi aligeuka. Pilipili alishazoea watu kumfokea. Uso huu usiofoka ulimtisha zaidi.

"Jumamosi nilikuuliza nini?"

"Kama nimepitisha pamba."

"Ukanijibu?"

"Kwamba nimepitisha."

"Nami nikafunga boksi bila kuangalia. Hilo ni langu, nitalibeba. La kwako utalibeba wewe. Twende."

Nyumbani kwa mshonaji, bibi, yule mama yake, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, bandeji mkononi, na hakuwa na tabasamu la kumpa mtu.

"Huyu ndiye fundi?" aliuliza. "Sogea. Pitisha kidole ndani ya hiyo bangili."

Pilipili alipitisha. Kijino kilimchoma.

"Mimi nilivaa kitu hicho kwa muda wa saa tatu. Sherehe yangu mwenyewe, nimekaa kama mtu aliyetiwa pingu."

"Nisamehe, bibi."

"Msamaha utakuja kazi ikiisha. Kaa."

Shangazi alitoa mkobani tupa ndogo, msasa, pamba na kibao cha kubania. Pilipili alikaa kwenye stuli, akaanza kusukuma kwa nguvu. Tupa ikateleza na kuchora mchirizi mrefu kwenye shaba.

"Unaipiga tena," shangazi alisema. "Sasa una hasira na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Bangili haijui hilo. Weka chini mpaka mkono utulie."

Aliweka chini, akavuta pumzi. Alipoanza tena, alisukuma mbele, akanyanyua, akasukuma mbele. Unga wa shaba ulimwagika kidogo kidogo kwenye gazeti alilotandika magotini. Mara mbili pamba ilinasa, na mara mbili alirudi kwenye tupa bila kuambiwa. Ilipita karibu saa nzima. Mwishowe pamba ikateleza kama juu ya kioo.

Bibi hakuridhika na pamba. Alivua mtandio wake laini, akausugua ndani ya bangili, akaukagua dhidi ya mwanga. Kisha akaivaa kwenye mkono usio na bandeji.

"Nimekusamehe," alisema. "Hasira bado ninayo, lakini hiyo itaisha yenyewe."

Njiani kurudi, Pilipili alishindwa kuvumilia.

"Shangazi, umenikasirikia?"

"Sana. Lakini si kwa sababu ya tupa, tupa utajifunza. Nimekasirika kwa sababu ulijua kuna mahali pakali, ukanitazama usoni ukasema hapapo. Anayevaa hawezi kuona tulichofanya ndani. Anatuamini tu, na mwili wake ndio unaolipa tukimdanganya."

"Nilikuwa na mechi. Nilikuwa na hasira."

"Kukasirika si kosa. Kosa ni kuimwagia hasira kazi ya mtu, halafu ukaifunika kwa uongo. Ungeniambia, 'Shangazi, nina mechi saa nne,' ningekujibu uende, bangili ningeimaliza mimi."

Pilipili alisimama katikati ya njia. Hilo hakuwa amelifikiria kabisa.