Orodha ya Maboksi Kumi na Moja

Familia nyingine zikihama, watu hugombana, glasi huvunjika, na mtoto mmoja husahaulika chooni. Nyumbani kwa akina Karani, kuhama kulikuwa kama kufua nguo. Walikuwa wamehama mara nane katika miaka sita, mpaka wakawa mabingwa. Baba alikuwa fundi wa lifti. Ghorofa jipya likisimama mji fulani, kampuni humtuma huko, na lifti ikishapanda na kushuka bila kunung'unika, familia hufunga virago. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa imetembea miji mingi kuliko madereva wengi.

"Sisi ni konokono," Baba alipenda kusema. "Ila konokono mwenzetu habebi kabati."

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Baba alifungua vitanda na kutia skrubu za kila kitanda ndani ya soksi kuukuu, kisha akaifunga soksi kwenye mguu wa kitanda hichohicho. Mama alikunja nguo. Kitinda mimba wa miaka mitano, aliyeitwa Kishindo kwa sababu hakuwahi kupita mahali kimyakimya, alikalia maboksi yaliyojaa ili yafungike. Dada yake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeshika daftari la bluu, na ndiyo maana wote walimwita Karani.

Maboksi yalikuwa kumi na moja, na sheria ilikuwa moja: ona, gusa, andika. Hakuna boksi lililotiwa selotepu kabla Karani hajakiona kila kitu kwa macho, akakigusa kwa mkono, na kukiandika daftarini.

Jumamosi ya kufunga mizigo kwa mara ya tisa, rafiki zake walikuwa wanamngoja uwanjani. Walikuwa wamepanga mechi ya mwisho ya mpira wa pete, ya kumuaga. Karani alitazama saa, akayatazama maboksi, akasikia filimbi kwa mbali. Moyo ulishatangulia uwanjani, ikabaki miguu tu.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Maboksi yao yalikuwa yaleyale kila safari. Boksi la kwanza vyombo, la pili mashuka, la tatu vitabu. Ya nini kujitesa? Alifungua ukurasa wa safari iliyopita, akanakili orodha yote neno kwa neno. Boksi la nne aliliandika hivi: "Vifaa vya Baba. Bisibisi sita, kipima umeme, mkoba wa ngozi wenye ufunguo wa lifti." Hakuwa ameangalia ndani. Kishindo alikuwa ameshalikalia.

"Tayari, Mama!" alisema, akachanja mbuga. Jioni ile alifunga magoli matatu, na wenzake wakamkumbatia mpaka akalia kidogo.

Jumapili asubuhi alikuja dereva wa pikapu aliyewahamisha mara tano. Watu walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kumpita mtu yeyote barabarani, hata mwenye baiskeli. Televisheni aliibeba kama mtoto mchanga. Alifunika mizigo kwa turubai, akakaza kamba, akasema mwenda pole hajikwai, kisha wakaondoka. Njiani walisimama mara moja tu, wakanywa chai.

Alasiri waliingia nyumba mpya. Ilikuwa na vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyong'aa, na dirisha la jikoni lililoelekea hospitali ya ghorofa nne ambako Baba alikuwa anafunga lifti. Mwezi mzima alikuwa akienda na kurudi kila wiki kwa ajili ya kazi ile, na sasa lifti ya kwanza ilikuwa imebakiza ukaguzi tu, kabla ya nyingine mbili kufuata. Kishindo alikimbia huku na huku akipiga kelele ili kusikia chumba kipi kinamjibu vizuri.

Baba alifungua boksi la nne, ambalo selotepu yake ilikuwa imeachia upande mmoja. Akatoa bisibisi, akatoa kipima umeme. Akachungulia tena. Akaligeuza boksi juu chini.

"Mama Karani, mkoba wangu haumo."

Mama alisimama. Wote walijua ufunguo ule mdogo wa pembe tatu, unaofungua milango ya lifti kutoka nje. Bila huo, fundi hubaki mtazamaji.

"Mkaguzi anakuja kesho saa nne," Baba alisema. "Akinikuta mikono mitupu, hataweza kurudi mpaka baada ya wiki tatu. Na wagonjwa wataendelea kupandishwa ngazi kwa machela. Ufunguo mwingine uko makao makuu ya kampuni, na huko ni safari ya siku mbili."

"Daftari linasemaje?" Mama aliuliza, akalifungua mwenyewe. "Boksi la nne, mkoba wa ngozi. Upo hapa."

"Basi uliingia. Na kama uliingia, umedondokea njiani." Baba alimgeukia dereva, sauti ikiwa chini. "Ndugu yangu, pale tuliponywa chai, turubai ulilifunga sawasawa?"

Taratibu aliweka chini kiti alichokuwa amekibeba. "Nililifunga. Lakini daftari lenu silibishii, halijawahi kukosea. Miaka ishirini nabeba mizigo ya watu, sijapoteza hata kijiko." Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Nitairudia barabara yote. Nitaangalia kila mtaro hadi giza liingie."

Karani aliona aibu. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Daftari lilikuwa upande wake. Lakini alimwona mzee yule akitafuta funguo za gari mfukoni bila kumtazama mtu yeyote usoni, yeye ambaye kwa kawaida hakuondoka bila utani, na akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, usiende," alisema.

Wote walimgeukia.

"Sikuangalia ndani ya boksi. Nilitaka kuwahi mechi, nikanakili orodha ya safari iliyopita. Mkoba sikuuona, sikuugusa. Niliuandika tu." Machozi yalimtoka. "Nisamehe, mjomba. Nisameheni wote."

Hata Kishindo aliacha kukimbia. Mama alikaa juu ya boksi la mashuka. Baba aliinua kidole.

"Ngoja. Kama hukuuona, huenda haukuingia kabisa. Na kama haukuingia..." Alifumba macho. "Ijumaa nilirudi safari nimechoka. Nilivua viatu, nikatundika mkoba..."

"Kwenye msumari!" Mama alimalizia. "Nyuma ya mlango wa jikoni! Na mlango ulikuwa wazi muda wote tulipokuwa tunatoa mizigo."

Walimpigia simu mama mwenye nyumba waliyohama. Alisema subirini, na wakasikia kandambili zake zikipiga sakafu, kisha mlango ukilia.

"Upo," alisema. "Unaning'inia raha mustarehe. Na tena mmeniachia kiatu kimoja cha mtoto. Nikiupakia mkoba kwenye basi la usiku, niwatumie nacho?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kiatu hicho walikuwa wamekitafuta tangu mwaka jana.

Baba alimwendea Taratibu na kumshika mkono. "Nimekukosea mimi pia. Nilikushuku kabla ya kuuliza vizuri. Uniwie radhi."

"Yamekwisha," alisema dereva. "Leo nitalala hapahapa kwenu. Mzigo huo mpaka niupokee mimi mwenyewe."

Kesho yake asubuhi, basi liliingia stendi saa tatu na nusu. Kondakta aliwakabidhi kifurushi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, pikapu ile ilionja gia ya nne. Karani, aliyeketi katikati ya Baba na dereva, alishika kiti kwa mikono miwili. Hata mwenye baiskeli mmoja walimpita. Saa nne kasoro dakika tano Baba alikuwa mlangoni mwa lifti, ufunguo mkononi.

Mkaguzi alipanda, akashuka, akasikiliza, akabonyeza kila kitufe, kisha akatia sahihi. Abiria wa kwanza alikuwa bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa bandeji.

"Mjukuu wangu," alimwuliza Karani, "hiki chumba kidogo kinakwenda wapi?"

"Ghorofa ya nne, bibi. Wodini kwako."

"Alhamdulillahi. Jana vijana wanne walinipandisha ngazi, na kila mmoja alihema kunizidi mimi mgonjwa."

Walicheka wote hadi juu, na lifti haikutikisika.

Jioni walikula juu ya mkeka, kwa kuwa meza ilikuwa bado haijaungwa. Karani alimwekea Mama daftari mapajani.

"Labda mpe mtu mwingine," alisema.

Mama alimtazama Taratibu. "Wewe ndiye uliyekosewa. Unasemaje?"

Dereva alifuta mikono yake bila haraka. "Binti yangu, boksi lisiloandikwa, mtu hulifungua akatazama. Boksi lililoandikwa uongo, mtu huliamini. Ndiyo maana jana nusura nitafute mitaroni kitu kilichokuwa kimening'inia msumarini. Uvivu wako ulitupoteza, lakini ulipousema ukweli tulijua pa kutafuta. Kwa hiyo daftari shika wewe. Aliyeonja aibu ya orodha ya uongo hatairudia."

"Amesema vyema," alisema Baba. "Ila kwanza maboksi yote kumi na moja yaandikwe upya."

Karani hakunung'unika. Alifungua ukurasa mpya, akaanza. Ona, gusa, andika. Waligundua kwamba pasi iliyoungua zamani ilikuwa imehama nao miji mitatu bila kazi yoyote, na kwamba vitabu vilikuwa kwenye boksi la nguo. Alipofika boksi la tisa, Kishindo alimletea kiatu kilichokuja na basi. Karani alikiweka karibu na mwenzake, akavigusa vyote viwili, kisha akaandika: "Viatu vya Kishindo, jozi moja, kamili."

Kishindo alivivaa palepale, akazunguka nyumba nzima akikanyaga kwa nguvu. Vilikuwa vinambana kidogo, lakini hakumwambia mtu.