Mzee Kibuyu Yuko Safarini

Mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza kwa nini kila mwenye redio katika Ufipa alimsikia Nestory, lakini mke wake hakumsikia. Avelina amemuuliza paroko. Amemuuliza fundi redio wa Majengo. Amejiuliza mwenyewe akipalilia ulezi. Jibu halijaja, na pengine halitakuja. Tusimulie tu ilivyokuwa.

Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi saa tisa alasiri, redio moja ndogo ya Sumbawanga ilirusha mchezo wa kuchekesha ulioitwa Nyumbani kwa Mzee Kibuyu. Nestory ndiye aliyekuwa Mzee Kibuyu, baba mbishi, mpenda pombe ya ulezi, asiyekubali kushindwa hata na mbuzi. Avelina alikuwa mkewe, Mama Sayi. Nje ya redio nako walikuwa mume na mke, katika nyumba ya vyumba viwili kule Malangali. Mungu hakuwajalia mtoto. Huyo Sayi wa redioni ndiye waliyemlea. Sokoni hakuna aliyemwita Nestory kwa jina la ubatizo. "Kibuyu! Mkeo anakutafuta na mwiko!" walimpigia kelele, naye akajificha nyuma ya magunia ya maharage mpaka wacheke.

Mchezo ukidumu, waigizaji huondoka. Andwele, mwalimu kutoka Mbeya aliyekuwa akiuandika, alikuwa na dawa zake. Kijana aliyecheza mkwe alipohamia Dodoma, mkwe "akaenda kusoma", na masomo hayo hayajaisha hadi leo. Violeth, Sayi wa kwanza, alipoolewa, akaletwa Jane, na Mzee Kibuyu akauliza hewani:

"Mwanangu, mbona sauti imebadilika?"

"Mafua, baba."

"Mafua gani haya yaliyokuongezea adabu?"

Watu wakacheka, na kufikia Jumamosi iliyofuata walikuwa wamemsahau Violeth.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimechachamaa, Nestory akashikwa na homa ya mapafu. Siku tisa tu. Wakamzika kwao Mwimbi. Siku ya kuanua matanga, ukoo ulifanya kama unavyofanya siku zote: jembe lake alipewa mdogo wake, Eustace, na jina lake akapewa mtoto mchanga wa Eustace. Katika ukoo ule jina la marehemu haliachwi nje. Lazima lipate wa kulibeba, ndipo mwenyewe alitue na apumzike.

Wiki mbili baadaye Andwele alikuja Malangali, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Dada, watu wamelia vya kutosha. Tukimuua na Kibuyu, tunawafanya wafiwe mara mbili."

"Kwa hiyo?"

"Amesafiri. Kaenda Mpanda kumfuata ng'ombe aliyepotea. Wewe kila kipindi unampigia simu. Unauliza, unanyamaza kidogo kama unayesikiliza, unaitikia. Huku tunaangalia la kufanya."

Avelina alikubali. Alikubali haraka, kabla mwalimu hajamaliza chai.

Walirekodia katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. "Haloo, Baba Sayi, umefika?" alisema kwenye kinasa sauti, simu ya mchezo ikiwa sikioni, kisha akahesabu moyoni hadi tano. "Haya. Na ng'ombe je?" Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kimya cha chumba kile kilikuwa kizito kama blanketi lililoloa. Lakini kilikuwa kimya chake yeye na Nestory, na alikipenda.

Baada ya kipindi cha tatu, muuza dagaa pale Majengo alimshika mkono akicheka hadi machozi.

"Mama Sayi, mzee wako jana kaniua! Eti Mpanda kuna joto mpaka kuku wanataga mayai yaliyokwisha chemka!"

Avelina alitabasamu. Hakukuwa na maneno kama hayo kwenye mchezo. Akadhani mama wa watu amechanganya vipindi.

Kisha mwendesha bodaboda akamrudishia mzaha uleule, neno kwa neno.

Jumamosi iliyofuata alimwita jirani yake, Martha, wakakaa uani juani wakimenya viazi, redio ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kipindi kikaanza. Sauti yake mwenyewe ikauliza, "Baba Sayi, unalala wapi huko?" Redio ikanyamaza. Moja, mbili, tatu.

Martha akacheka.

"Unacheka nini?"

"Si huyo mzee! Eti analala kwa mjane mmoja, lakini usiwe na wivu, mjane ana miaka tisini na anakoroma kuliko lori." Akapangusa macho. "Mlirekodi lini haya, maskini? Kabla hajaugua?"

Avelina aliangalia redio. Haikuwa ikitoa kitu. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Zamani," alisema.

Jumatatu Avelina alimweleza Andwele, naye akaifungua rekodi kwenye kompyuta. Kimya. Jumamosi akaenda kusimama nje ya duka la simu, mahali redio inapowekwa mlangoni, akasikiliza pamoja na wapita njia. Alirudi studio hana rangi. Alisema tu, "Ni yeye, dada."

Hapo mwanamke mwingine angekimbia. Avelina alifanya kosa ambalo ni vigumu kumlaumu mtu kwa kulifanya. Alirefusha kimya. Kutoka kuhesabu tano akafika kumi, kisha ishirini. Akaanza kuuliza yasiyoandikwa. Umekula? Una koti? Unanikumbuka? Na kila Jumamosi alimkalisha Martha uani, amsimulie.

"Anasema amekula mihogo."

"Na koti?"

"Anasema koti uliliacha msumarini." Martha akamtazama. "Avelina, hii si rekodi ya zamani, ee?"

Avelina aliinuka, akachungulia ndani. Koti lilikuwa bado msumarini.

Mwezi wa sita upepo wa baridi ukaanza kupiga. Mizaha ya Mzee Kibuyu ikapungua. Jumamosi moja Martha alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa, na safari hii hakucheka hata mara moja.

"Sema."

"Anasema yuko Chala. Anaiona njia ya kuja huku."

"Anakuja?"

"Subiri." Martha aliweka mkono mdomoni. "Anasema kila akikaribia, unampigia. Ukimpigia anajikuta Mpanda tena. Anaanza upya. Kwa miguu."

Redio ilikuwa kimya kabisa.

"Anasema viatu vimekwisha."

Andwele naye alikuwa amesikia. Akajaribu dawa yake ya zamani. Alimleta Godbless, kijana mwigaji hodari, ili Mzee Kibuyu awe amerudi nyumbani, simu ziishe. "Mbona sauti imebadilika, mume wangu?" Avelina alisoma. "Vumbi la Mpanda, mke wangu," Godbless akajibu. Ilikuwa nzuri. Hata fundi mitambo alicheka.

Jumamosi ile Martha alisimama katikati ya kipindi, viazi vikamwagika.

"Wako wawili," alinong'ona.

"Wawili vipi?"

"Kuna mwingine nyuma ya huyu kijana. Yuko mbali. Analia." Alikuwa tayari anarudi nyuma kuelekea kwake. "Anauliza, huyo ni nani aliyekaa nyumbani kwangu?"

Godbless alikuja studio Jumatatu, akagoma kuingia. Alisimama mlangoni na mfuko wake, akamwambia Andwele: "Samahani, kaka. Tangu juzi nikimeza mate nasikia vumbi." Akakohoa kwenye kiganja, akakifunga haraka, akaondoka. Hakuna aliyemwomba akifungue.

Alhamisi ya wiki hiyo Shangazi Hellena, aliyemlea Nestory, alishuka kutoka Mwimbi na redio yake imefungwa kwenye kitenge. Alikwenda moja kwa moja studio, akamkuta Andwele na Avelina.

"Shikamoo, shangazi," Avelina alisema.

"Marahaba. Mwalimu, wewe umesoma. Nijibu. Tulipoanua matanga, jina la Nestory lilimpata nani?"

"Mtoto wa Eustace, mama."

"Na jina la Kibuyu?"

Andwele akageukia makaratasi ya mchezo mezani.

"Miaka kumi na mmoja nchi nzima hii imemwita Kibuyu. Mimi mwenyewe nilimwita Kibuyu. Tumezika jina la kwenye cheti, lile alilokuwa akiitikia mmelipatia safari. Safari isiyo na siku ya kurudi." Akakaa, akapumua. "Silaumu mtu. Mlitaka watu wasilie. Lakini yule niliyemlea bado anatembea."

Mwalimu alisema kwa sauti ndogo kwamba anaweza kuandika. Yeye mwenyewe angeigiza jirani anayeleta habari ya msiba kutoka Mpanda. Hakuna haja ya dada kusema lolote.

"Hapana," Avelina alisema.

"Dada..."

"Hapana! Ukiandika amekufa, Jumamosi nitamsikia kwa nani?"

Shangazi Hellena alimshika goti. "Humsikii, mwanangu. Hata sasa humsikii. Unasimuliwa."

Avelina alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu Mwimbi. Walimwacha alie. Alipomaliza aliomba karatasi ambayo Andwele alikuwa ameanza kuiandika, akaikunja bila kuisoma, akasema ikiwa ni lazima, basi hakuna jirani atakayeleta habari. Mume ni wake.

Jumamosi hawakurekodi. Walirusha moja kwa moja. Shangazi Hellena alikaa barazani na redio yake. Avelina akakisogelea kinasa sauti.

"Haloo, Baba Sayi. Usijibu. Nisikilize tu. Ng'ombe alikwisha patikana. Hatukukwambia. Wewe ulikufa mwezi wa pili, mume wangu, siku ya Jumanne, mkono wako ukiwa ndani ya wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakurudisha. Sitakupigia tena. Ukifika Sumbawanga usiingie Malangali, pita. Shika njia ya Mwimbi. Kwako ni kule. Na jina la Kibuyu halitapewa mwigizaji mwingine, nalichukua mimi, nitalibeba mimi. Litue."

Alisema yote hayo kwa pumzi chache, maneno yakifuatana, akiogopa kusita. Hakuacha nafasi hata ya kuhesabu moja. Kisha akaizima simu ya mchezo, akamwashiria fundi apige nyimbo za msiba.

Barazani, Shangazi Hellena alisema baadaye, redio haikusema neno. Ilisikika tu kama mtu anayeshusha mzigo.

Siku ya nne Eustace alipiga simu kutoka Mwimbi. Hakueleza vizuri. Alisema tu waje.

Ilikuwa kiangazi na ardhi ilikuwa vumbi tupu. Kutoka barabarani hadi kwenye kaburi kulikuwa na mstari wa nyayo za miguu mitupu. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimelala juu ya mwenzake, kama kilivyokuwa cha Nestory. Zilikuwa nyayo za mtu aliyechoka, anayeburuza. Zilifika ukingoni mwa tuta, zikaishia hapo. Hakukuwa na za kurudi.

Watu walikuwa wameanza kuja kuziangalia, wengine wakipiga picha. Ukoo ukakaa siku hiyohiyo mchana. Wapo waliotaka zizungushiwe mawe, wapo waliotaka aitwe mganga. Eustace alisema mtu akishaingia kwake, njia yake haianikwi hadharani. Wakakubaliana zifutwe zote kabla jua halijazama. Wakatazamana ni nani atafanya.

Avelina alikwisha kuchukua ufagio. Alianzia barabarani. Alizifuta moja moja, ameinama, bila haraka, na ile ya mwisho, iliyo karibu kabisa na tuta, aliifuta kwa kiganja.